Fungua pa Kujazia Kwanza

Mwanangu, tangu ununue ile Hilux naona hukosi kubadilisha oili ya injini muda wake ukifika, nami nakusifu kwa hilo. Leo nataka kukueleza habari za oili mbili ambazo wenye magari wengi huzisahau: ya giaboksi na ya difu. Injini ikikosa presha ya oili, taa nyekundu inakuwakia. Hizi nyingine hazina taa. Haziungui, hazipungui bila kuvuja, basi mtu anadhani ni za maisha. Siku utakaposikia difu linalia ukiwa kwenye mwendo, meno yameshalika, na oili mpya haiwezi kuyarudisha.

Magari mengi ya namna yako yanahesabiwa kilomita 40,000 hivi kabla ya kuzibadilisha. Wewe unapakia magunia na kuvuka mito, kwa hiyo mimi ningekuhesabia nusu yake. Na gari la mtumba usilichukulie kwa maneno ya muuzaji. Mwaga zilizomo, tia mpya, uanze hesabu yako mwenyewe.

Kazi hii unaiweza hapa nyumbani. Kwanza endesha kilomita chache, maana oili ikiwa vuguvugu inatoka na uchafu wake. Kisha simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Hilux iko juu, unaingia chini bila kuinua chochote; usipolazimika kutumia jeki, usiitumie. Ukilazimika, weka stendi za chuma na uzuie matairi yanayobaki chini. Kumbuka breki ya mkono inashika matairi ya nyuma tu, ukiyanyanyua hayo haizuii kitu. Chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, mwanangu, usiingize hata mkono.

Sasa shika hili kuliko yote. Difu lina boliti mbili, ya juu ni ya kujazia na ya chini ni ya kumwagia. Giaboksi lako nalo hivyo hivyo. Anza na ya juu. Boliti ile pengine haijaguswa miaka mingi, imeshikwa na kutu. Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikagoma au pembe zake zikalika, umebaki na gari lisilo na oili, na kwa fundi huwezi kulipeleka. Kwa hiyo jana yake isugue kwa brashi ya waya, uipulizie dawa ya kulegeza kutu. Tumia soketi ya pembe sita inayokaa barabara, usithubutu kuigusa kwa spana malaya. Ikishalegea, ndipo uende kwenye ya chini.

Oili ikitoka usiikimbilie kuitupa, iangalie. Boliti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku. Ukikuta imeshika masizi laini ya kijivu, huo ni usagikaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine, hapo muone fundi kabla hujatia mpya. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu likiwa la moto ukalitumbukiza kwenye maji ya mto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Basi kikague kipumulio hicho. Kikiziba, presha inasukuma oili nje kwenye sili, na sili za pembeni zikiachia, oili inafika kwenye breki.

Dukani usiseme tu "nipe nainti". Hapo umetaja uzito peke yake. Difu linataka GL-5, yenye dawa nyingi ya kulinda meno yanayokandamizana huku yakiteleza. Dawa hiyo hiyo inaweza kudhuru pete za shaba za giaboksi la mkono, ndiyo maana mengi yanaandikiwa GL-4. Fuata kitabu cha gari, si mazoea ya muuza duka. Nunua pia washa mpya za boliti. Ukishafunga boliti ya chini, jaza kwa pampu ya mkono au chupa yenye mpira, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Hicho ndicho kipimo, na ni cha kweli gari likiwa halijainama tu.

Dada yako mwambie gari lake la otomatiki lisiguswe kwa mafunzo haya. Si kila giaboksi linakubali haidroliki yoyote nyekundu. Kwenye Toyota nyingi aina yake imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia, na za CVT zina oili yake kabisa. Lisilo na kijiti hupimwa kwa jotoridi maalumu, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa.

Oili chafu itie kwenye dumu, uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage mtaroni, watu wanachota maji visima vya huko chini. Baada ya siku mbili tatu ingia tena uvunguni, upapase boliti zote nne kwa kidole. Zikiwa kavu, andika kilomita ulizobadilishia kwenye kikaratasi, ukibandike chini ya boneti.