Kipimo cha Farisayo

Wapenzi, tusimdhanie Farisayo wa Luka 18 kuwa alisema uongo hekaluni. Torati iliamuru siku moja tu ya kufunga kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma, tena alitoa zaka ya mapato yake yote. Basi, kosa lake lilikuwa wapi? Alijipima kwa jirani yake, wala si kwa Mungu. Na mtu ajipimaye kwa jirani hutamani jirani huyo azidi kuharibika, ili yeye aonekane mwema. Hapo ndipo rehema hufa.

Labda mzee wa kanisa atauliza: Je, tuache kuonya, dhambi ienee katika usharika? Hasha! Katika Mathayo 18 Bwana ametuagiza kumwendea ndugu aliyekosa. Lakini kwanza kwa faragha, na shabaha yake ni kumpata ndugu, si kumshinda. Basi aendaye kuonya na ajiulize njiani: Mtu huyu akitubu leo, nitafurahi, au nitasikitika kwa kukosa la kusimulia?

Martin Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Siku mbili kabla yake aliandika katika karatasi ya kwamba sisi ni waombaji. Naye mwombaji hana ruhusa ya kumfukuza mwombaji mwenzake mlangoni, maana nyumba si yake. Kwa hiyo aliyetengwa na Meza ya Bwana akirudi kwa toba, asikute nyuso zilizokunjwa. Na apishwe nafasi bénchini, kama sisi tulivyopishwa.