Tawi Langu Moja Tu

Imenilazimu, enyi jamaa Waislamu wa Kamina, niseme leo juu ya aibu ya juma lililopita, pale waumini wawili waliposhikana mlangoni mwa msikiti kwa kugombea bei ya magogo ya mukula, kanzu zao zina madoa mekundu ya unga wa mti ule, na asipatikane hata mmoja wetu wa kuwauliza yamekatwa wapi na kwa idhini ya nani.

Sikilizeni habari ya Rodrigues, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini. Palikuwa na mti wa jamaa moja na mbuni wa kahawa, wenye maua meupe, usioota pahali pengine popote duniani, na wajuzi walikwisha kuuhesabu kuwa umetoweka, hata mnamo 1980 mwanafunzi mmoja alipomletea mwalimu wake tawi, ikabainika kuwa umesalia mmoja. Je, watu wa kisiwa waliulinda kama yatima? La hasha! Kwa kuwa waliitakidi ni dawa ya uchovu wa ulevi na ya maradhi ya zinaa, waliukata matawi. Ukazungushiwa ua, wakauruka. Ajabu yao, watake mti uwaondolee athari ya maasi, na maasi yenyewe wasiyaache! Mwaka 1986 vipande vyake vilipelekwa bustani ya Kew, Uingereza, kimoja kikashika, kikachanua miaka mingi pasi na kuzaa, hata mbegu ikapatikana kwa taabu kubwa. Nami sina shaka kila aliyeruka ua ule alijiambia: tawi langu moja tu.

Msiwacheke. Mukula nao, tangu 2019, mataifa yalipokutana Geneva, hauvushwi mipaka ila kwa kibali. Mkataji ana watoto wenye njaa, wala simsamehe. Lakini lawama kubwa ni ya tajiri anayempa kianzio, kisha akaja kusimama safu ya kwanza, hali Suratul Baqara, aya za 204 na 205, zimekwisha kumtaja mwenye kauli tamu aondokaye akaangamiza mimea na viumbe.

Mtume ametuamrisha mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiama kinasimama. Mvua zimekaribia. Asiyepanda asiniletee sadaka ya fedha za magogo, sitaipokea.