Ahadi Iliyovunjika Siku ya Tatu

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mathayo 26:31–41, Luka 22:31–34, 54–62, Yohana 18:15–18, Yohana 21:15–17, 1 Wakorintho 10:13, Wagalatia 6:1–5.

Wazo kuu: Mtu anayeacha sigara akaanguka katika siku za kwanza hajathibitisha kwamba ahadi yake ilikuwa uongo. Ukweli wa ahadi huonekana katika maandalizi yaliyofanywa kabla hamu haijafika, na katika ndugu wanaokubali kuibeba pamoja naye.

Uufikirie mfano huu, ambao unafanana na mambo yanayotokea katika makanisa mengi ya Nyanda za Juu Kusini. Dereva mmoja hupakia viazi Uyole, Mbeya, na kuvipeleka Iringa. Amevuta sigara kwa miaka kumi na tisa. Sabato ya kufunga makambi aliitikia wito, akasimama mbele ya kusanyiko huku mkewe akilia kwa furaha, akaahidi kwamba hatavuta tena. Jina lake likaandikwa katika orodha ya wanaojiandaa kwa ubatizo.

Jumapili alishinda. Jumatatu alishinda, ingawa alimfokea utingo wake kwa jambo dogo na hakupata usingizi usiku. Jumanne alfajiri alisimama Makambako. Palikuwa na baridi kali. Madereva wenzake walikuwa wameuzunguka moto, wanakunywa chai na kuvuta. Alikaa nao kuota moto. Baada ya robo saa alirudi kwenye gari, akafungua droo ya dashibodi, akatoa pakiti aliyokuwa ameiacha humo tangu Ijumaa, akavuta sigara mbili mfululizo.

Hakuficha. Jumatano jioni alikwenda kwa mzee wa kanisa akasema, “Mzee wangu, nimemdanganya Mungu. Nifute kwenye orodha.”

Wazee wawili walitofautiana. Wa kwanza alisema ubatizo usogezwe mbele, kwa kuwa kiapo cha ubatizo kinagusa tumbaku waziwazi, na si haki kumsimamisha mtu aseme asichoweza bado kukitimiza. Wa pili alisema kumsogeza mbele ni kumvunja moyo. Mtu aliyekuja mwenyewe kuungama ni mkweli kuliko wengi waliokwisha kubatizwa. Hata hivyo, kabla ya swali la ubatizo liko swali jingine, ambalo dereva mwenyewe alilileta. Je, alimdanganya Mungu?

Ahadi na utabiri

Mtu anayesema, “Kesho mvua itanyesha,” anatabiri. Isiponyesha, amekosea. Mtu anayesema, “Sitavuta tena,” hatabiri. Anajifunga. Anatangaza upande atakaosimama, na anawapa wengine haki ya kumdai. Kama ahadi ingekuwa utabiri tu, mtu dhaifu asingeweza kuahidi lolote, kwa kuwa hawezi kuijua kesho yake. Asingeweza kufunga ndoa, wala kukopa, wala kubatizwa. Kwa hiyo kuanguka peke yake hakuonyeshi kwamba mtu alisema uongo siku ile aliyosimama.

Petro ni shahidi wa jambo hili. Usiku ule kabla ya msalaba aliahidi kwamba hatamkana Bwana wake hata ikibidi kufa. Hakuna mahali katika Injili panapoonyesha kwamba alikuwa anaigiza. Alimaanisha. Lakini kati ya ahadi yake na kuanguka kwake kuna mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. La kwanza, alipoambiwa akeshe na kuomba, alilala. La pili, Yohana 18:18 inaeleza kwamba palikuwa na baridi, watumishi na walinzi wakawasha moto wa makaa, na Petro akasimama pamoja nao akiota moto. Alikuwa amekwenda kujipasha moto mahali ambapo ahadi yake ilikuwa na maadui.

Moto wa Makambako na moto wa ua wa kuhani mkuu unafanana. Baridi si dhambi. Kutafuta joto si dhambi. Lakini ahadi iliyotolewa mchana ilihitaji mtu afikirie mapema: usiku wa baridi utakapofika, nitaota moto wapi, na nani atakuwa kando yangu?

Hapo ndipo penye hatia ya dereva, kama ipo. Sigara mbili za Jumanne ni matokeo ya jambo lililotangulia, yaani pakiti iliyobaki ndani ya droo. Alipoahidi Sabato, aliacha mlango mmoja wazi, pengine bila kujiambia kwa sauti kwamba ameuacha. Ahadi inayotunza pakiti “kwa dharura” imejigawa tangu mwanzo. Hilo ndilo la kuungama, na ndilo linaloweza kurekebishwa kwa mkono: pakiti ikatupwa, kiberiti kikatolewa, na kituo cha chai kikabadilishwa.

Hamu na hiari

Wengine watasema kwamba maneno haya yanamwonea mtu mgonjwa. Nikotini ni dawa inayofunga. Ubongo uliozoea kuipokea kila saa, ikikatwa, unalalamika: hasira, wasiwasi, kichwa kuuma, njaa isiyo ya kawaida, usingizi kukatika, kushindwa kutulia. Kwa kawaida dalili hizi huwa kali zaidi katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua polepole katika majuma yanayofuata. Dereva alianguka siku ya tatu, kwenye kilele cha mlima. Je, mtu anaweza kulaumiwa kwa kile ambacho mwili wake unakidai kwa nguvu namna hiyo?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, hamu yenyewe si dhambi. Yesu aliona njaa jangwani, na njaa yake haikuwa kosa. Mwenye kuacha sigara asijihukumu kwa sababu kifua chake kinaitamani. Hamu ni habari kwamba mwili unajifunza upya, kama mguu uliokufa ganzi unavyochoma damu inaporudi. Wengi wanaoacha hujaribu zaidi ya mara moja kabla hawajafaulu, na wengine huhitaji msaada wa mhudumu wa afya. Kuutafuta msaada huo si upungufu wa imani.

Pili, hiari haina ukubwa uleule saa zote. Saa kumi na moja alfajiri, kando ya moto, akiwa na njaa na usingizi, hiari ya dereva ilikuwa nyembamba kama uzi. Sabato jioni, akiwa nyumbani na mkewe, ilikuwa pana. Mtu mwenye hekima hutumia hiari iliyo pana kuilinda hiari itakayokuwa nyembamba. 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia mlango wa kutokea katika jaribu. Mara nyingi mlango huo upo mapema kuliko mtu anavyoutazamia: uko njiani kabla ya Makambako, wala si kwenye sigara iliyokwisha kuwashwa.

Tena kuna jambo linalotia moyo. Wimbi moja la hamu kwa kawaida hudumu dakika chache tu, kisha hushuka, hata kama mtu hajavuta. Anayejiambia, “Nitaishije maisha yote bila sigara?” anabeba mzigo ambao hakuna siku moja inayoudai. Saa ile inadai dakika chache: kunywa maji, kuvuta pumzi ndefu, kushuka garini na kutembea, kutafuna karanga, kuomba kwa sauti, kumpigia mtu simu.

Hivi ndivyo Waadventista walivyofundisha walipoanza kuwasaidia watu kwa utaratibu. Katika miaka ya 1960 daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman J. Folkenberg waliandaa Mpango wa Siku Tano wa Kuacha Sigara, uliofika nchi nyingi. Daktari na mchungaji walisimama pamoja, kwa kuwa tatizo ni la mwili na la roho pia. Washiriki walihimizwa kunywa maji kwa wingi, kuepuka kahawa, kutembea baada ya chakula badala ya kukaa mahali walipozoea kuvuta, kuurudia uchaguzi wao kila hamu ilipokuja, na kuwa na mwenzi wa kumpigia simu. Mpango ulichagua siku zilezile zilizo ngumu kuliko zote, ukamzungushia mtu watu.

Mzigo wa nani?

Wagalatia 6 inaonekana kujipinga. Fungu la 2 linaagiza waamini wachukuliane mizigo. Fungu la 5 linasema kila mtu atauchukua mzigo wake. Katika Kiyunani maneno yaliyotumika ni mawili tofauti. La kwanza linahusu uzito unaomlemea mtu, la pili linahusu furushi ambalo kila msafiri hubeba. Kuchagua kutovuta ni furushi la dereva. Hakuna mzee awezaye kulibeba kwa niaba yake. Alfajiri ya siku ya tatu ni uzito unaolemea, na hakuna mtu anayepaswa kuachwa nao peke yake.

Ndiyo maana mabishano ya wazee wale wawili yalikosa kitu. Kusogeza ubatizo mbele kunaweza kuwa upendo, na kunaweza kuwa njia ya kuliondoa tatizo mezani. Kumbatiza mara moja kunaweza kuwa neema, na kunaweza kumfundisha afiche. Mshiriki anayeficha hununua sigara moja moja gengeni, hutafuna pipi kabla ya ibada, na mwisho huacha kuja. Kanisa linalosikia ushuhuda wa washindi tu limewafundisha walioshindwa kunyamaza.

Yesu alitumia njia nyingine kwa Petro. Kabla ya anguko, alimwambia kwamba amemwombea, tena akamwachia kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapoongoka (Luka 22:32). Baada ya anguko, kando ya moto mwingine wa makaa, hakujifanya kwamba halikutokea. Alimuuliza mara tatu. Ukweli na urejesho vilikwenda pamoja.

Ilivyokuwa, ubatizo ulisogezwa mbele. Lakini yule mzee wa kwanza, aliyependekeza hivyo, ndiye aliyeketi na dereva usiku uleule wakaandika vituo vyote vya barabara, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo. Kando ya kila kituo waliandika la kufanya. Pakiti iliteketezwa jikoni kwa mama watoto. Kila alfajiri dereva akiwa njiani, simu inalia kabla hajafika Makambako, na sauti ya mzee inauliza, “Umefika wapi, kijana wangu?” Leo ni siku ya tisa tangu aanze upya. Hajabatizwa bado. Chai anakunywa kwa mama ntilie wa upande wa pili wa barabara, mbali na moto ule.

Maswali ya kujadili

1. Je, ni haki kumwomba mtu aahidi jambo ambalo ninyi na yeye mnajua anaweza kulishindwa? Ni nini kinachoifanya ahadi ya namna hiyo kuwa ya kweli?

2. Kati ya wazee wawili, yupi alikuwa karibu zaidi na moyo wa Wagalatia 6:1? Je, jibu lenu lingebadilika kama mzee wa kwanza asingepiga simu?

3. Wilayani Chunya na kwingineko, tumbaku imelipa karo za watoto wengi. Mshiriki ambaye hajawahi kuvuta, lakini anailima na kuikausha, anasimama wapi mbele ya dereva huyu? Nani kati yao amefungwa zaidi, na kanisa linaweza kuubebaje mzigo wa mkulima huyo?

4. Katika darasa lenu, ni nani anayepita siku zake za kwanza sasa hivi? Nani atampigia simu kesho alfajiri?