Kumi na Wanne wa Lumumba

Wewe unayegombea daladala hapo Buguruni Sheli, begi mgongoni, mwaka wa kwanza chuoni, nisikilize.

Oktoba 1961, Mtaa wa Lumumba, jirani na Kariakoo, ndani ya jengo la chama cha TANU, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi 14 tu wa sheria. Mwanamke mmoja, Julie Manning. Naamini walijuana wote kwa majina.

Leo mpo mamia ukumbini, na ni rahisi kujificha nyuma hadi mtihani ukukute. Tafuta wenzako watatu: daftari moja wazi mezani, karanga katikati, kalamu ikipita mkono kwa mkono. Kipindi kikiisha leo, mgeukie wa jirani, umwulize jina.