POMBE: DAKTARI ANAPIMA KIASI, SHERIA INAPIMA NINI?



Swali la Ijumaa hii linatoka kwa vijana wetu wanaofanya kazi migodini na maofisini. Wanasema: "Serikali nyingi zimewaandikia watu wao kiasi cha pombe kisichozidi. Mtu akishika kiasi hicho, halewi, hapigi mke, hakosi kazi. Dhambi yake iko wapi?" Swali hili haliulizwi kwa utani, na halistahili kujibiwa kwa makelele. Tulitazame.

Tuanze na hicho kiasi chenyewe. Mwaka 2017 wataalamu wa afya wa Ufaransa walisema mtu mzima asizidishe glasi 10 kwa wiki, wala glasi 2 kwa siku, na tena asinywe kila siku. Glasi moja kwao ni gramu 10 za alkoholi tupu. Sasa chukua chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72, yenye alkoholi asilimia 5. Ndani yake mna kama gramu 28, karibu glasi tatu. Mwenye kumaliza chupa moja tu amekwisha kuvuka mpaka wa siku. Wataalamu wa Kanada nao walitoa mwongozo mpya Januari 2023: hatari ni ndogo kwa anayekunywa glasi 1 au 2 kwa wiki nzima. Glasi yao ni kubwa kidogo, gramu 13 na zaidi, lakini hata hivyo chupa ile moja inamaliza wiki. Ni nani katika nganda za komini ya Kenya au ya Katuba anayekunywa chupa moja, kisha anangoja siku saba? Na lutuku je? Inapikwa uani, haina karatasi ya kusema ina nguvu gani, na anayeinunua hupimiwa kwa macho. Wengi wanaosema "mimi nakunywa kwa kiasi" hawajui kiasi chao.

Wako ndugu wengine wanaofurahi upande wa pili. Januari 2023 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Wakasema: "Mnaona! Sayansi imeufuata Uislamu!" Nawaomba wapunguze shangwe. Miaka ya 1990 magazeti ya dunia yaliandika kwamba mvinyo mwekundu wa Wafaransa unalinda moyo. Je, siku zile pombe ilikaribia kuwa halali? Kuna kundi kubwa la watafiti ambalo mwaka 2018 liliandika katika jarida la The Lancet kwamba kiasi kisicho na madhara ni sifuri. Mwaka 2022 watafiti wa kazi hiyo hiyo wakaandika kwamba kwa vijana ni hivyo, ila kwa waliopita miaka 40 wasio na ugonjwa, kiasi kidogo chaweza kuwa na faida fulani. Hatuwacheki. Elimu ya hospitali inajirekebisha, na ndiyo sifa yake. Lakini mwenye kutundika haramu yake juu ya hesabu ya mwaka huu, hesabu ikibadilika atafanya nini?

Kurani haikujenga katazo lake hapo. Aya ya 219 ya Suratul-Baqara inakubali waziwazi kwamba ulevi una manufaa fulani kwa watu, kisha inaweka dhambi yake juu ya manufaa hayo. Na Suratul-Maida, aya ya 90 na ya 91, inapoeleza sababu haitaji ini wala moyo. Inataja uadui na chuki kati ya watu, na kusahauliwa kwa Mwenyezi Mungu na sala. Daktari anachunguza mwili wa anayekunywa. Aya zinawatazama pia wanaoishi naye.

Maulamaa, kama Imamu Ghazali, walihesabu mambo matano ambayo Sheria inayalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mwongozo wa afya unalinda nafsi, na kwa hilo tunawashukuru wenye kuuandika, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019 peke yake. Lakini kiasi kinapimwa na akili, na pombe inaanza kumtoa kazini huyo huyo mpimaji. Glasi ya kwanza inahesabiwa na mtu mzima. Ya nne inahesabiwa na nani?

Kijana atajibu: "Mimi naweza." Tukubali, wapo wanaoweza. Jibu lao ndilo gumu, na tusilifiche: Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu, na katazo hilo linamnyima mwenye nguvu kitu ambacho pengine kisingemdhuru. Ni gharama kweli. Analipa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya yule aliyeketi naye mezani ambaye hawezi kusimama baada ya moja, na ambaye kesho atasema: "Hata fulani, mtu wa sala, anakunywa."

Wazee wetu wana sababu ya kuchukia neno katazo. Mapatano ya Bruxelles ya mwaka 1890 yalizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Katanga ilikuwa ndani yake. Mwafrika alinyimwa, huku Mzungu akiendelea kunywa barazani kwake. Katazo la namna hiyo ni dharau. La Sheria linamshika tajiri na maskini sawasawa, na linamfuata hata asiyegusa glasi: katika Hadithi, waliolaaniwa kwa ajili ya pombe ni pamoja na mwenye kuiuza, mwenye kuibeba na mwenye kula bei yake. Miongozo ya afya haisemi neno juu ya mtu huyo. Basi wewe ndugu uliyepangisha nyumba yako iwe nganda, au lori lako linabeba kreti za bia kwenda Likasi na Kolwezi, usijihesabu nje ya mazungumzo haya kwa kuwa kinywa chako ni kikavu.

Wengi wanauliza habari ya munkoyo. Mizizi yake inageuza wanga wa mahindi kuwa sukari, na siku ya kwanza ni kinywaji kitamu, hata watoto wanapewa. Ikikaa inachachuka na kushika nguvu, na joto la mwezi wa kumi linaiharakisha. Imepokewa na Ibn Abbas (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu majini, akanywa hadi jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki wakapewa wengine au kikamwagwa. Kwa hiyo muulize mama anayeuza: imepikwa lini? Ikiwa imeanza kulevya siku ya pili, usingoje ya tatu.

Limebaki moja. Mtume (s.a.w.) aliwazuia Maswahaba kumlaani mtu aliyeadhibiwa kwa kunywa. Akija kwetu mtu aliyekunywa sana kwa miaka, akatubu na kuacha siku moja, mjue kwamba mwili wake unaweza kumgeuka: atatetemeka, ataona vitu visivyokuwapo, anaweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Msiseme ni jini, na msimwache peke yake chumbani na kisomo tu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, daktari aambiwe ukweli wote, na mmoja wetu alale naye huko.

Wabillahi tawfiiq.