Twatafuta Kisu au Twatafuta Mkono?

Hapa Base ya Kamina na kule mjini wapo watu wanaotafuta kisu ambacho hakifuliwi tena. Ni kisu kidogo cha mfukoni, cha kukunja, mpini wake wa mti mgumu, bapa lake refu kama kidole cha kati. Alikifua fundi mmoja wa kijiji cha jirani, wala hakufua vingi: vitano au sita kwa mwezi, na wakati wa kulima pengine hata kimoja. Fundi huyo amefariki, na nyundo yake haikupata mrithi. Kisu alichokuwa akikiuza kwa bei ya kuku, leo watu wanakiulizia kwa bei ya mbuzi. Na sisi tumo katika hao waulizaji. Tumekwenda sokoni, tumekwenda vijiji vya kando ya reli, tumeuliza kwa madereva na kwa wauza mawese. Katika kutafuta huko tumekutana na swali ambalo si la kisu tu: mtu anayetafuta kazi ya mkono uliokwisha nyamaza, anatafuta nini hasa? Na akikiona anachokitafuta, ni halali yake kukichukua?

Kwanza tukitazame kisu chenyewe. Fundi alichukua springi ya lori kuukuu, kwa maana chuma hicho hukubali kuwa kigumu. Alikipasha moto katika makaa mpaka kikawa chekundu, sumaku isikishike tena, kisha akakizamisha katika mafuta. Hapo chuma huwa kigumu mno, hata kikipigwa hupasuka kama chupa. Basi hurudishwa motoni tena, polepole, ili kipunguze ukaidi wake. Hapo ndipo penye ufundi. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hubadilika rangi juu ya moto: kwenye nyuzi 230 hivi za joto huwa na rangi ya nyasi kavu, na kwenye nyuzi 300 hivi huwa buluu. Bapa hutolewa likiwa na rangi ya nyasi, ili makali yadumu. Ile springi ndogo ya mgongoni, inayolizuia bapa lisijifunge na kukata vidole, huachwa mpaka iwe buluu, ili ipinde na kurudi. Chuma ni kile kile, moto ni ule ule, ila jicho limejua wakati wa kutoa. Ukichelewa kidogo tu, kazi ya siku nzima imepotea. Fundi wetu hakuyaandika hayo popote. Yalikaa katika jicho lake na mkono wake.

Wazee wa nchi hii waliujua uzito wa jambo hilo. Masimulizi ya Waluba husema ya kuwa Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, babaye Kalala Ilunga, ndiye aliyeleta ufundi bora wa kufua chuma pamoja na adabu za ufalme. Watu walichomeka katika nywele zao vijiti vidogo vya chuma vyenye umbo la fuawe. Na katika bonde la Upemba wataalamu walichimba makaburi ya kale: Jacques Nenquin alichimba Sanga tangu 1957, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970. Huko Kamilamba lilionekana kaburi la karne ya 8 au karibu nayo, ambamo mtu alizikwa na fuawe karibu na kichwa chake. Mtu wa kudharauliwa hazikwi hivyo.

Je, sisi tulimheshimu fundi wetu? Yatupasa kuungama. Alipokuwa hai tulisimama mbele ya mkeka wake tukabishana bei. Tulimwambia, "Mzee, sokoni visu vya kiwandani ni nusu ya bei yako." Naye alijibu tu, "Ni kweli." Kisha tulikwenda sokoni tukanunua vile vya bati, vilivyolegea kabla ya mwezi kwisha. Mwanawe aliyaona hayo yote, akaenda Kolwezi kutafuta kazi. Nani atamlaumu? Kijana hujifunza kazi ile anayoiona inamlisha baba yake. Fundi huyo hatukumkosea kwa tusi wala kwa wizi. Tulimwacha tu, kila mmoja akihesabu faida yake ndogo. Na sasa amekufa, sisi ndio wa kwanza kukisifu kisu chake. Kufa kufaana, walisema wahenga, nasi twaona haya kwa maana neno hilo latugusa.

Mwishowe tulikiona kisu. Kilikuwa mkononi mwa mama mmoja mzee, amekaa mlangoni pake akimenya muhogo. Bapa lilikuwa limeliwa na kinoo mpaka kubaki nusu ya upana wake, lakini bado lilikata. Tulimsalimu, tukakaa, tukamweleza haja yetu, tukataja bei nzuri. Akauliza, "Mkikichukua, kesho nitamenyea nini?" Tukasema tutamnunulia kipya. Akacheka. "Hicho kipya nimekwisha kukinunua mara tatu."

Tulinyamaza. Tuliona ya kwamba sisi tulitaka kukiweka kisu kabatini, na yeye alitaka kula. Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa mtu aweza kuwa na mali yake mwenyewe, lakini katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kumfaa mhitaji. Ikiwa ndivyo kwa mali tuliyo nayo, je, mali ya mtu mwingine, ambayo inamlisha kila siku, tutaivuta kwetu kwa nguvu ya fedha ili tuitazame tu?

Lakini mwenye kubisha atasema: "Kinoo kitakimaliza kisu hicho. Baada ya miaka michache hakitabaki hata kimoja, na watoto hawatajua ya kuwa kitu kama hicho kiliwahi kufuliwa hapa. Afadhali kabati kuliko jalala." Neno hilo lina nguvu, wala hatulitupi. Huko Ufaransa kiko kijiji kiitwacho Laguiole. Kisu chake cha kukunja kilianza kufuliwa mnamo 1829, kisha karakana za kijiji zikafifia na kazi ikahamia mji wa Thiers. Mwaka 1987 karakana ya kufulia visu ilifunguliwa tena pale kijijini. Wenye kuvihifadhi visu vya zamani hawakufanya kazi bure. Ila tuangalie vema: huko Thiers mikono ya kufua visu ilikuwa bado hai. Kisu cha kale kilitoa mfano, mikono hai ikaufuata. Vyuma vya Upemba navyo vimedumu miaka zaidi ya elfu moja, tena vyatufundisha mengi. Lakini havisemi jicho la fundi yule lilingoja rangi gani.

Kwa hiyo twaona tofauti yenyewe. Kuhifadhi ni jema kama kunausaidia mkono utakaofua tena. Kama hakuusaidii, basi ni uchoyo uliovaa nguo ya mapenzi ya mambo ya kale. Mwenye kutaka kujua yuko upande gani ajiulize: nikikipata kisu hiki, ni nani atakayejifunza kwacho?

Nasi tulijiuliza hivyo, tukamwachia mama kisu chake. Tulimwomba ruhusa tu ya kukipima na kukichora, naye alikubali, akatupa na muhogo. Mchoro huo tulimpelekea kijana mmoja atengenezaye baiskeli. Bapa lake la kwanza lilivunjika kama kioo, kwa kuwa hakulirudisha motoni. La pili lilikuwa laini, likapinda. Yote mawili tulimlipa bei ya kisu kizima, ingawa rafiki zetu walitucheka. La tatu linakata. Halijafikia kazi ya marehemu, tena mgongo wake umelegea kidogo, lakini kijana anaanza kuzijua zile rangi.

Husemwa ya kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni kweli, lakini yuko mtu aliyekifua kisu hicho, naye pia ana tumbo na watoto. Wasomaji wapenzi, katika kila kijiji chetu yuko mfinyanzi, yuko msusi wa mikeka, yuko mchonga mipini, ambaye kesho tutamtafuta kwa taabu. Leo bado amekaa mbele ya mkeka wake. Tumwendee, tununue, tusimpunje; na kama tuna kijana nyumbani, tumpeleke akae karibu naye, atazame.