Jezi na Heshima



Huko Australia vilabu vingi vya michezo vya watoto huvaa jezi zenye michoro ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Ni jambo jema. Lakini je, kuvaa mapambo ya mtu ndiko kumheshimu?

Tumtazame Doug Nicholls, Mwaborijini, mchezaji mpira na mchungaji. Mwaka 1927 alidharauliwa kwa ajili ya rangi yake katika klabu ya Carlton, mjini Melbourne, akaondoka. Mwaka 1976 akawa Gavana wa Australia Kusini. Tangu 2016 michezo ya ligi kuu ya kuwaenzi wenyeji huitwa kwa jina lake. Basi tujue kwamba ni rahisi kupokea michoro ya mtu kuliko kumpokea mtu mwenyewe.

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tu Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Waluo na wengineo. Vijana wetu wakitaka kutia ngao au shanga za mababu katika jezi, kwanza wawaulize wazee maana yake na kupata ridhaa yao. Pili, kila mtoto aivaaye aijue maana hiyo. Tatu, mtoto wa kabila jingine apewe nafasi ya kucheza, si ya kushangilia tu.

Msamaria hakusifiwa kwa vazi lake, bali kwa huruma yake. Wazazi, kabla ya kuchanga fedha za jezi, tuwaulize watoto wetu: ni nani mtaani ambaye hajaitwa uwanjani?